Mbona hakuna shimo chini ya mwembe?

Mtoto akirudi nyumbani Mwanga, Ujiji au Kasulu na agizo la kupeleka shuleni maharage matano, pamba na kopo, mzazi huwa na maswali mawili. La kwanza hulisema: pamba ya nini tena? La pili hubaki nalo moyoni, nalo ndilo la maana: mbegu ikishaota, mtoto atakuwa amejifunza nini ambacho hakukijua? Mtoto wa Kigoma ameona maharage yakiota tangu hajaanza shule. Ameyaona shambani, ameyaona hata kwenye gunia lililolowana stoo.

Swali ni halali. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unataka mtoto atende badala ya kukariri, na walimu wengi wameitika. Lakini kutenda peke yake hakufundishi. Maharage yanaweza kuota vizuri kabisa kwenye pamba, mtoto akapata vema nyekundu kwenye daftari, na bado akabaki anaamini kwamba mmea unakula udongo. Watu wazima wengi wanaamini hivyo hivyo. Tunasema "udongo umechoka, hauna chakula", tunasema "mbolea ndiyo chakula cha mmea", na lugha hiyo mtoto anairithi kabla hajashika mbegu.

Basi hapa tunalifuata swali moja tu, mmea unakula nini, kwa vitu vya jikoni, sokoni na duka la dawa. Mtoto wa darasa la tatu hadi la sita anayaweza yote yaliyo hapa, isipokuwa pale tutakaposema mkono wa mtu mzima unahitajika.

Ugali, chumvi na jiko

Tunyooshe maneno kwanza, maana vurugu nyingi zinaanzia hapo.

Chakula ni kitu chenye nishati ndani yake: sukari, wanga, mafuta. Mbolea haina nishati ya kumlisha mmea. Ni chumvichumvi, yaani nitrojeni, fosforasi, potasiamu na nyingine, ambazo mmea unazihitaji kwa kiasi kidogo ili mwili wake ujengeke sawasawa. Fikiria sinia la ugali wa muhogo na mboga yake. Ugali ndio unaoshibisha. Chumvi ni kidogo tu, ingawa ikikosekana chakula hakiliki. Mbolea ni chumvi ya mmea. Ugali wake mmea unaupika wenyewe.

Upishi huo ndio usanisinuru. Malighafi ni maji yaliyopanda kutoka mizizini na hewa ukaa iliyoingia kupitia matundu madogo ya jani, yanayoitwa stomata. Moto ni mwanga wa jua. Jiko ni umbijani, ile rangi ya kijani. Kinachoiva ni sukari, na inayobaki huwekwa akiba kama wanga. Kinachotolewa nje ni oksijeni.

Upumuaji ni jambo jingine kabisa. Hapo mmea unakitumia chakula chake: unavunja sukari kwa oksijeni, unapata nguvu, unatoa hewa ukaa, kama wewe na mimi. Mama lishe anapika jiko likiwa na moto tu, lakini mtu anaweza kula wakati wowote. Vivyo hivyo mmea hupika mchana, na hula mchana na usiku. Wanaosema "mimea inapumua usiku tu" wamechanganya sufuria na sahani.

Sasa mpe mtoto swali la kumkosesha usingizi. Ujiji, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, kuna miembe inayoelezwa kuwa uzao wa ule mwembe wa kale ambao inasemekana walikutana chini yake. Mwembe mkubwa una uzito wa tani. Kama uzito huo wote umetoka ardhini, mbona hakuna shimo chini yake?

Jan Baptist van Helmont, daktari aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alilipima swali hilo kwa mizani. Alichukua pauni 200 za udongo mkavu, karibu kilo 90, akapanda mche wa pauni 5, akaunywesha maji kwa miaka mitano. Mwishoni mti ulikuwa na pauni 169, kama kilo 77. Udongo, alipoukausha na kuupima tena, ulikuwa umepungua gramu 57 hivi. Jaribio lilichapishwa 1648, yeye akiwa ameshafariki. Akahitimisha kwamba mti umetokana na maji peke yake, na hapo akakosea, kwa sababu hakuihesabu hewa. Baadaye, mwaka 1779, Jan Ingenhousz alionyesha kuwa sehemu za kijani za mmea hurekebisha hewa zikiwa kwenye mwanga tu.

Kwa mtoto wa Kigoma njia fupi ni jikoni. Kilo 100 za kuni kavu, zikiungua zote, huacha jivu la kilo moja au mbili hivi. Jivu hilo ndilo lililotoka udongoni, zile chumvichumvi. Zilizobaki zimerudi angani, na sehemu kubwa yake ndiko ilikotoka. Na mkaa je? Mkaa sehemu kubwa ni kaboni, na kaboni yote hiyo mti uliivuta kutoka kwenye hewa ukaa, punje kwa punje, kupitia majani. Mtoto anayebeba kikapu cha mkaa kutoka gengeni amebeba hewa iliyogandishwa na jua. Mwache abishe, ubishi ni mzuri hapa.

Harage moja, lifunguliwe taratibu

Nunua maharage ya mavuno mapya sokoni, yale yanayoletwa kutoka Kasulu au Buhigwe yanafaa sana. Epuka yaliyobunguliwa. Epuka zaidi mbegu za dukani zilizopakwa dawa, zenye rangi ya waridi au kijani cha kupaka, kwa sababu watoto watazishika kwa saa nzima. Mbegu za nyonyo zisiguswe kabisa hata kama zimejaa uani na zinapendeza kwa madoa yake: zina sumu kali. Na maharage yenyewe yakishalowekwa yasitafunwe mabichi, yanaumiza tumbo vibaya.

Loweka maharage jioni, yafunguliwe asubuhi, saa nane hadi kumi na mbili baadaye. Kila mtoto alinganishe harage lake na kavu: limekuwa kubwa zaidi na ganda limelegea. Upande uliopinda kuna kovu jeupe, mahali lilipokuwa limeshikamana na ganda refu lililobeba maharage, kama kitovu. Kando ya kovu kuna tundu dogo mno. Mtoto akilibana harage taratibu kwa vidole, atoe macho hapo hapo, ataona tone la maji likichungulia.

Ganda livuliwe kwa ukucha. Ndani kuna vipande viwili vinene, kotiledoni, vilivyoshikana upande mmoja tu. Viachanishwe polepole, visipasuliwe kwa kisu, maana kisu hukata kile tunachokitafuta. Kati yake amelala mmea mzima: kijimzizi chenye ncha, na juu yake majani mawili yaliyokunjwa, meupe, yenye mishipa tayari. Hicho ndicho kiinitete. Hapa mtoto akae, achore, asiharakishwe. Wengi hudhani harage lote ndilo mmea. Kumbe mmea wenyewe ni mdogo kuliko punje ya mchele, na vile vipande vinene ni mkoba wa chakula wa safari.

Ukiweka tone la iodini kwenye kotiledoni iliyokatwa linageuka bluu iliyokoza hadi nyeusi. Hiyo ni alama ya wanga. Kabla ya hapo waache watoto wajaribu iodini kwenye vitu wanavyovijua: ugali, wali, kiazi hugeuka nyeusi, chumvi na sukari hubaki na rangi ya kahawia. Inayofaa ni ile iodini ya kahawia ya kusafishia vidonda, inauzwa duka la dawa. Ichanganywe na maji, sehemu moja kwa tano, mpaka ifanane na chai ya rangi. Inachafua nguo za shule na haitoki, na chakula kilichoguswa kisiliwe.

Mbegu haina haja na jua

Kopo moja la maharage halithibitishi chochote. Likiota, hujui limeota kwa sababu ya maji, joto, mwanga au baraka za mwalimu. Yanahitajika makopo kadhaa yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na kila kopo liwe na mbegu tano au zaidi, kwa sababu mbegu moja inaweza kuwa mbovu tu.

Kata chupa za maji za nusu lita kwa juu. Zungushia ndani karatasi ya chooni iliyokunjwa mara nne, au kipande cha kitambaa cha pamba, kisha tia maharage kati ya karatasi na ukuta wa chupa ili mizizi ionekane. Pamba tupu inafaa, lakini mizizi inazama humo na mtoto haoni kitu. Maji yawe ya kina cha sentimita moja chini, yasiyafikie maharage.

Chupa ya kwanza ikae dirishani. Ya pili iwe sawa na hiyo ila ndani ya kabati. Ya tatu isiwe na maji. Ya nne, maharage yazamishwe kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, juu yake umimine mafuta ya alizeti unene wa sentimita moja kuzuia hewa. (Mawese yasitumike hapa, rangi yake inaficha kila kitu.) Penye friji, ya tano ilowane na ikae humo.

Siku ya pili au ya tatu kijimzizi hutoka katika ya kwanza na ya pili, kwa wakati ule ule. Hilo huwashangaza watu wazima kuliko watoto: harage halihitaji jua ili liote. Jua litahitajika baadaye, akiba ikikaribia kwisha. (Ziko mbegu ndogo, kama za saladi, ambazo mwanga huziamsha, lakini hizo si kanuni kwa maharage, mahindi wala karanga.) Yaliyozamishwa huvimba, hayaoti, na siku ya nne yananuka. Kiinitete nacho kinapumua, na hapo kimenyimwa hewa. Hii ndiyo sababu makopo mengi ya shuleni huharibika: mtoto mwenye huruma anamwagilia kila akipita. Yale ya friji hulala tu. Yatoe nje, yataamka.

Usichague mbegu ya mchikichi kwa kazi hii, hata kama ndiyo fahari ya mkoa. Ina ganda gumu na usingizi mrefu. Kwenye vitalu hupashwa joto kwa majuma kadhaa kabla ya kuota, na muhula utakwisha darasa linatazama chupa. Kokwa la embe nalo lisikaushwe, likikauka linakufa.

Sasa jaribio ambalo shule nyingi huliruka, na mimi naliona ndilo lenye thamani kuliko yote ya mbegu. Chukua maharage yaliyolowekwa kumi na matano. Matano yabaki kamili. Matano yaondolewe kotiledoni moja, ile itakayoachana na kiinitete ukizitenganisha. Matano yaondolewe moja na nusu, kwa wembe, kazi ya mwalimu. Yote yapandwe kwenye mchanga uliooshwa, ambao hauna mbolea ya kusemwa. Baada ya siku kumi, safu tatu za miche zitasimama kama ngazi: wakubwa, wa kati, wadogo. Udongo haukubadilika, maji hayakubadilika. Kilichopungua ni mkoba.

Mrefu si mzito

Acha miche ya kabatini iendelee gizani siku kumi. Itakuwa mirefu kuliko ya dirishani, wakati mwingine mara mbili, na darasa zima litasema ya gizani imestawi. Hapa mwalimu asiwakatize. Awaulize kwanza: mbona ni ya manjano, mbona inaanguka?

Mche wa gizani unatafuta mwanga. Unatumia akiba yake yote kurefusha shina, haujengi majani wala umbijani. Umerefuka bila kuongezeka. Kulithibitisha hilo kunahitaji mizani, na mizani ya sokoni haihisi gramu chache. Tengeneza: rula ya sentimita 30, ining'inizwe kwa uzi katikati, sentimita ya 15, na vifuniko viwili vya chupa vining'inizwe kwa nyuzi kwenye sentimita ya 1 na ya 29. Ikilala upande mmoja, bandika kipande cha udongo mpaka isawazike.

Kabla ya kupanda, hesabu maharage makavu 20 kila upande, ukibadilisha moja moja hadi yalingane. Fungu moja lihifadhiwe, la pili liote gizani. Siku ya kumi, ng'oa miche yote na mizizi yake na maganda yaliyovuliwa, anika kwenye bati juani siku tatu au nne mpaka ivunjike kama majani makavu ya chai. Fungu lililohifadhiwa nalo lianikwe hapo hapo, maana harage kavu la sokoni lina unyevu wake. Kisha pima. Miche mirefu ya gizani itakuwa miepesi kuliko mbegu ilizotoka. Uzito uliopotea umepumuliwa nje kama hewa ukaa. Ukifanya hivyo hivyo kwa miche iliyokaa juani wiki nne kwenye mchanga, mizani inageuka: imekuwa mizito kuliko mbegu zake. Uzito huo mpya haukutoka mchangani.

Kosa la kawaida ni kukausha nusunusu. Mche wenye maji ndani unadanganya mizani, na darasa linaondoka na jibu la kinyume.

Kulinasa jani likipika

Hili ni la darasa la tano na la sita, na spiriti ni ya mtu mzima peke yake. Spiriti hushika moto kwa mbali, kwa hiyo hakuna jiko, hakuna kiberiti chumbani. Maji ya moto yatoke kwenye thamosi.

Chukua mche wa maharage wa wiki tatu ndani ya kopo. Uweke kabatini siku mbili ili majani yamalize akiba ya wanga. Bila hatua hii jaribio halina maana, kwa sababu wanga utakaouona unaweza kuwa wa juzi. Siku ya tatu asubuhi, kabla ya kuutoa, funika sehemu ya jani moja kwa ukanda wa karatasi ya aluminiamu, juu na chini, ukibane kwa kibanio cha karatasi. Wengi hufunika juu tu, na mwanga unaoakisiwa kutoka sakafuni unapenya chini.

Mche ukae juani tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kiangazi, Juni hadi Septemba, ndio wakati mzuri. Siku ya mawingu ya masika utapata rangi hafifu na maswali mengi. Chuma jani, toa ukanda, mtoto achore mahali ulipokuwa. Lizamishe kwenye maji yaliyotoka kuchemka dakika mbili, lilegee. Weka spiriti kwenye glasi ndogo, tia jani, simamisha glasi kwenye bakuli la maji ya thamosi. Spiriti huanza kuchemka kwenye nyuzi 78 hivi, ndiyo maana maji ya moto yanatosha. Dakika kumi, ukibadilisha maji mara moja, spiriti inakuwa kijani na jani linakuwa jeupe-manjano. Umbijani umetoka. Jani sasa linakatika kama karatasi kavu, kwa hivyo lirudishe kwenye maji ya vuguvugu, litandaze kwenye sahani nyeupe, lidondoshee iodini, usubiri dakika mbili tatu.

Palipoona jua panakuwa bluu nyeusi. Palipofunikwa panabaki kahawia, kwa umbo lile lile la ukanda. Jani moja, mche mmoja, udongo mmoja, maji mamoja. Kama chakula kingekuwa kinapanda kutoka mizizini, ukanda wa karatasi ungewezaje kukizuia?

Likikataa: kama lote ni kahawia, jua lilikuwa kidogo au iodini ni hafifu mno. Kama lote ni jeusi, halikukaa gizani vya kutosha. Likiwa na mabaka ya kijani, rudisha kwenye spiriti.

Mapovu yanayodanganya

Kuna jaribio linalopendwa mno: jani kwenye glasi ya maji, juani, mapovu yanatokea, na mtoto anaambiwa "hiyo ni oksijeni, jani linapumua". Sentensi moja, makosa mawili. Oksijeni ya mchana ni ya upishi, si ya kupumua. Na mapovu mengi ya aina hiyo ni hewa tu iliyokuwa imeyeyuka majini, inayotoka maji yakipata joto, kama unavyoona kwenye sufuria kabla haijachemka.

Lisitupwe, lirekebishwe. Glasi tatu za maji mabichi: moja yenye jani bichi juani, moja yenye jani lililochovywa kwenye maji ya moto likafa, nayo juani, na moja yenye jani bichi kivulini. Zikae nusu saa, mapovu yahesabiwe. Jani lililokufa nalo litakuwa na mapovu. Ni tofauti kati ya glasi ndiyo yenye habari. Maji yaliyochemshwa hayafai, yamepoteza hewa ukaa yake. Mimea inayokua ndani ya maji huonyesha vizuri zaidi, ila watoto wasitumwe kuichuma ziwani: kuna kichocho kwenye maji tulivu ya kando, na sehemu nyingine mamba.

Maji yenyewe yanapandaje? Hilo ni rahisi na linapendeza. Jani la chainizi lenye kikonyo cheupe, likatwe kikonyo ndani ya maji ili hewa isiingie kwenye mirija, lisimamishwe kwenye maji yenye rangi ya chakula iliyokolea. Baada ya saa tatu au nne kata kikonyo: vitone vya rangi vimejipanga, kila kimoja ni mrija. Jusi ya unga haifai, sukari yake inachelewesha. Na maji yanakokwenda utayaona ukiingiza tawi la mti, likiwa bado mtini, ndani ya chupa kubwa ya maji iliyo tupu na kavu, na kuziba mdomo kwa kitambaa: kufikia adhuhuri ukuta wa ndani una matone. Sehemu kubwa ya maji anayoyachota mmea hutoka hivyo.

Chumvi ya Uvinza na mbolea inayounguza

Turudi kwenye mbolea, maana hapa ndipo kosa la maneno linapogeuka hasara ya shamba. Anayeamini mbolea ni chakula ataongeza apate mmea ulionenepa, kama anavyomwongezea mtoto ugali. Kesho yake majani yamekauka kingo.

Kata vipande viwili vya kiazi mviringo, urefu wa sentimita tano, unene wa kidole. Kimoja kwenye glasi ya maji matupu, kingine kwenye glasi ya maji yenye vijiko viwili vikubwa vya chumvi ya Uvinza. Baada ya saa moja, cha maji matupu ni kigumu kama kijiti. Cha chumvi kinapinda kama mpira, na ukikipima kimefupika. Maji yametoka ndani ya kiazi kwenda kwenye chumvi. Mbolea iliyorundikwa shinani huufanyia mzizi jambo hilo hilo: badala ya mzizi kunywa, unanywewa. Neno "imeungua" ni zuri kwa sura, lakini hakuna moto. Mmea umekufa kwa kiu kwenye udongo uliolowana.

Mchicha mwekundu, na usingizi chini ya mwembe

Watoto watauliza, na wana haki: kama jiko ni la kijani, mchicha mwekundu unapikaje? Na yale majani machanga ya mwembe, yenye rangi ya shaba? Chemsha mchicha mwekundu kwenye sufuria. Wekundu unaingia kwenye maji, na majani yanabaki na kijani chake kilichokuwa kimefunikwa. Jiko lilikuwepo muda wote. Majani machanga ya mwembe yana umbijani kidogo bado, na yanalelewa na yale ya zamani mpaka yakomae.

Kuhusu kulala chini ya mti usiku, wapo wanaoamini ni hatari kwa sababu mti utakumalizia hewa. Imani hii ni ukweli mdogo uliovutwa mpaka ukakatika. Ni kweli usiku mmea haupiki, unatumia oksijeni na kutoa hewa ukaa. Lakini ni kidogo. Mtu mmoja aliyelala kando yako chumbani anatoa zaidi sana kuliko maua ya kopo yaliyo dirishani, na hakuna anayemfukuza kwa sababu hiyo. Chini ya mwembe, nje, upepo haukai. Sababu nzuri za kutolala hapo zipo: nyoka, mbu, tawi kavu, na msimu ukifika, embe lenyewe.

Darasa likitaka kuuona mmea ukila usiku, iodini ile ile inatosha. Chuma jani la maharage saa kumi alasiri siku ya jua, upitishe kwenye spiriti na iodini. Chuma jingine, la umri sawa, mche ule ule, kesho yake saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijalipiga. La alasiri litakuwa jeusi. La alfajiri litakuwa hafifu zaidi. Wanga uliopungua, sehemu umepelekwa kama sukari kwenye mizizi na machipukizi, sehemu umepumuliwa. Mwalimu wa zamu ya asubuhi ndiye wa kulichuma, na alitie moja kwa moja kwenye maji ya moto, maana likikaa dirishani mpaka kipindi cha saa nne litakuwa limeshaanza kupika upya.